Magari ya Chuma na Shoka la Kuazima

Somo: Yoshua 17:14-18, 2 Wafalme 6:1-7, Maombolezo 5:4

Neno hili nililihubiri ibada ya pili Jumapili iliyopita, lakini saa ilinibana nikaruka mengi. Nimeliandika hapa kwa kituo, kwa ajili yenu mliokuwepo, na kwa ajili ya wale waliokuwa zamu bandarini au waliokwama feri ya Likoni hadi tukafunga kwa maombi.

Mnajua kwamba Jumamosi ijayo tunateremka Mikindani, kando ya hori la Tudor, kupanda mikoko. Miche ipo, fulana zimeshachapishwa. Na wengi mmesikia kwamba ndugu yetu mmoja, mtu wa kwaya, alikamatwa katika hori hilo hilo na mzigo wa fito za mikoko na magunia mawili ya makaa. Jina lake sitaliandika. Kesi iko kortini, na watoto wake wako shule yetu ya Jumapili. Tangu siku hiyo watu hawajakauka ofisini. Wako wanaotaka kanisa limchangie. Wako wanaotaka atolewe kwaya hadharani, iwe funzo kwa wengine. Dada mmoja akaniandikia ujumbe: Pasta, tutapandaje miti kwa mkono wa kulia, halafu tumlipie mkata miti kwa mkono wa kushoto?

Swali zuri hilo, na halistahili jibu la haraka. Nataka tulijibu kwa Biblia kwanza, halafu kwa hesabu, manake nilisomea biashara kabla ya kuitwa na hesabu bado hazijanitoka.

Fungua Yoshua 17. Wana wa Yusufu, yaani Efraimu na Manase, wanamjia Yoshua na malalamiko. Sisi ni watu wengi, na umetupa fungu moja tu. Yoshua anawajibu: kama ni wengi hivyo, pandeni msituni mkajifyekee huko, maadamu nchi ya vilima imewabana. Wanarudi tena: hata hivyo vilima havitutoshi, na kule bondeni Wakanaani wana magari ya chuma.

Mistari hii tumeihubiri sana sisi Wapentekoste. Magari ya chuma yataanguka! Tukaruka, tukatabiriana viza na magari ya kwetu wenyewe. Sisemi ni vibaya. Mungu wetu ni mkubwa kuliko chuma. Lakini hebu soma polepole, ujiulize swali la kawaida kabisa: msitu ule ulifyekwa kwa nini? Si kwamba wana wa Yusufu waliichukia miti. Si kwamba walikosa semina ya mazingira. Ardhi ya tambarare, ya kulimika, ilikuwa imeshikwa na mwenye nguvu. Asiyeweza kuingia bondeni husukumwa mlimani, na mlimani kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mti.

Endelea mpaka Waamuzi 1:27-28. Manase hawakuwatoa watu wa Megido na miji mingine ya bondeni. Kwa hivyo walioambiwa wakafyeke walipewa msitu, na bonde likabaki na wenyewe. Halafu Israeli walipopata nguvu, hawakuwafukuza wale Wakanaani. Waliwatia katika kazi ya kulazimishwa. Aliyebanwa jana akawa mbanaji leo. Hilo ni somo la siku nyingine, ila liwekee alama pembeni ya Biblia yako.

Sasa tuje kwetu. Bonde la Pwani ni lipi, na magari ya chuma ni yapi?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda huu wa maili 10 kutoka baharini. Kila mwenye madai ajitokeze na uthibitisho. Mwenye karatasi na mashahidi wa kufika mbele ya wakubwa alipata. Ardhi iliyokosa mdai ikawa ya Taji, yaani ya mfalme wa Uingereza. Wamijikenda walio wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na hawakuwa na karatasi, pamoja na wazao wa waliokuwa watumwa, wakajikuta wageni katika mashamba waliyoyalima wao na baba zao. Hapo ndipo neno skwota lilipopata kazi. Gari la chuma la Pwani halikuwa na magurudumu, wapendwa. Lilikuwa karatasi yenye muhuri.

Na sikiliza jambo hili kwa makini, manake wengi wanaokuja kutuhubiria miti hawalijui. Kwa desturi za Pwani, ardhi na mti vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Shamba la huyu, mnazi wa yule. Aliyepanda mti wa kudumu ana haki juu ya mti wake, na siku akitolewa anaweza kudai alipwe. Kwa sababu hiyo wenye mashamba wengi waliwaambia maskwota: lima mahindi, lima muhogo, lakini mnazi usipande, mwembe usipande, mkorosho usipande. Mti ni shahidi. Ukimea miaka 30 mbele ya nyumba yako, utasema mbele ya hakimu kwamba ulikuwepo. Basi kizazi kwa kizazi kuna watu waliokatazwa kupanda miti, na aliyewakataza si shetani, ni mkataba wa mdomo. Halafu leo tunafika na kipaza sauti kuwauliza mbona hawana tabia ya kupanda miti!

Hata hapa mjini hali ni ile ile. Kisauni, Changamwe, Likoni, nyumba ngapi zimesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine? Ukuta wako, bati lako, ardhi si yako. Unalipa kodi ya ardhi kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona uso. Nani atapanda mti wa miaka 20 mahali anapoweza kubomolewa mwezi ujao? Ndugu wa Likoni mnaijua habari ya shamba la Waitiki, ekari 930, na mvutano wake wa miaka mingi hadi hatimiliki zilipoanza kutolewa Januari 2016. Mzee mmoja wa ushirika wetu wa kule aliniambia kwamba alipopata karatasi yake, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa saruji. Alinunua miche miwili ya miembe. Umri wake umepita 70. Nilimuuliza, mzee, hizi embe utazila lini? Akacheka: mchungaji, mimi sipandi embe, napanda mpaka.

Na usidhani msitu huanguka kwa shoka pekee. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya taifa, sehemu kubwa ikiwa Mau. Ilisemwa ni kwa ajili ya wasio na ardhi. Tume ya Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa wanasiasa na wakubwa serikalini na marafiki zao. Kalamu moja, hekta maelfu. Hakuna aliyebeba gunia kichwani, hakuna aliyekimbizwa matopeni na askari wa misitu.

Isaya 5:8 inawalilia ole watu wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka nafasi ikaisha na wao wakakaa peke yao katikati ya nchi. Nafasi kuisha. Yoshua 17, watu wamebanwa. Na sasa twende 2 Wafalme 6, mstari wa kwanza kabisa: wana wa manabii wanamwambia Elisha kwamba mahali wanapokaa ni padogo, hapawatoshi. Unaona? Kabla shoka halijainuliwa, kuna mahali palipobana.

Wanateremka Yordani kukata miti. Mmoja anapokata, chuma cha shoka kinachomoka na kutumbukia majini. Analia. Na kilio chake si kwamba nyumba haitajengwa. Analia kwamba chuma kile ni cha watu, alikiazima. Huyu ni mtumishi wa Mungu, ni mwanafunzi wa nabii, na hana hata shoka!

Kwenye biashara tulifundishwa kuifuata shilingi. Basi fuata gunia moja la makaa kutoka vichaka vya Ganze au Kinango hadi Bombolulu. Kule porini kuna mchomaji. Amekesha na tanuri lake siku kadhaa, analichungulia usiku lisije likashika moto likabaki jivu. Mara nyingi msumeno wa injini si wake, ameukodi au amepewa na broka, na deni linakatwa kwenye magunia. Yeye ndiye anayepata kidogo kabisa kwa kila gunia. Anafuata mwenye lori. Halafu vizuizi vya barabarani, na huko mnajua wenyewe nini hupita dirishani. Halafu muuzaji wa jumla, halafu mama wa rejareja mwenye kibanda. Bei inapanda kila mkono. Lakini siku ya msako, nani anayepatikana na masizi mikononi? Yule wa kwanza, na pengine huyu mama wa mwisho. Wa katikati mikono yao ni misafi.

Ndugu yetu alikuwa anakata fito za mtu. Mtumbwi si wake. Panga lilikuwa la kupewa. Aliyeagiza alikuwa na simu tu, na askari walipotokea simu ile ikazimwa. Shoka la kuazima, wapendwa, kama la kijana wa Yordani.

Sheria ya misitu ya 2016 inasema anayekata mti katika msitu wa umma bila kibali atalipa faini isiyopungua shilingi 100,000 au atafungwa muda usiopungua miezi 6. Sheria ni moja kwa wote, si ndiyo? Hebu ipige hesabu. Kwa mwenye lori, laki moja ni gharama ya biashara. Ataiandika kitabuni chini ya dizeli na matairi. Kwa ndugu yetu ni miezi 6. Karatasi ni ile ile, lakini adhabu ni mbili tofauti kabisa.

Sisemi hana hatia. Naomba hapa nieleweke, manake kuna waliotoka ibadani wakisema pasta amebariki ukataji. La. Mikoko ya Pwani ni msitu wa serikali tangu 1932, na ndugu yetu alijua, ndiyo sababu alikwenda na giza. Mungu ataongea naye, na mimi nimeshaongea naye. Ninachokataa ni sisi kumhukumu aliyeshika shoka tukiwa tumempa kiti cha mbele mwenye shoka.

Ninarudi kwa huyo mwenye shoka. Kwanza tuingie jikoni.

Maombolezo 5:4. Watu wa mji uliotekwa wanalia kwamba wananunua maji yao wenyewe, na kuni zao wenyewe zinawafikia kwa pesa. Nani wa Likoni au Kisauni anahitaji kufafanuliwa mstari huo? Bomba limekauka, mkokoteni wa mitungi unapita, unalipia lita 20 kwa bei ambayo mwenye tangi la juu hajawahi kuilipa.

Na makaa ni vivyo hivyo. Nitatumia nambari za mfano. Wewe weka bei ya mtaa wenu. Mama ananunua mkebe mmoja kila siku kwa shilingi 80, kwa sababu ndizo alizonazo siku hiyo. Mwisho wa mwezi ametoa 2,400. Jirani yake mwenye mshahara ananunua gunia zima kwa 2,000 na linampeleka mpaka katikati ya mwezi wa pili. Yule mwenye mtungi mdogo wa gesi anajaza kwa pesa isiyofika hata ile ya gunia. Kwa hivyo aliye maskini zaidi ndiye anayelipia moto ghali zaidi. Mtu akimwambia anunue gesi aokoe pesa, anamwambia ukweli usiomsaidia, manake mtungi na kichwa chake na mara ya kwanza ya kujaza vinataka maelfu kwa mkupuo. Maskini ana pesa, wapendwa. Anachokosa ni pesa ya mkupuo. Ukilishika jambo hilo umeshika nusu ya uchumi wa mitaa yetu.

Juu ya hapo, tazama ilivyokwenda. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, ikaendelea hadi Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Makaa yakapanda bei. Septemba hiyo hiyo ya 2018 mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Dhambi ya mwenye matangi, adhabu ya mwenye jiko la utambi! Julai 2021 gesi ya kupikia ikatiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa, na kwa hilo nawashukuru. Lakini miaka ile ya katikati mama wa Jomvu alifungiwa mlango wa makaa, mlango wa mafuta na mlango wa gesi. Na mtoto anataka uji asubuhi. Unadhani alipikia nini? Teremka horini uhesabu visiki.

Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti wanasema hori la Tudor lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake kati ya 1992 na 2009, na hori la Mwache likapoteza karibu nusu. Si jiko pekee lililofanya hivyo. Maji taka ya mji yanashuka humo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi ukafukia mizizi ya mikoko ya Mwache ikafa imesimama. Na udongo ule ulitoka wapi? Kwenye mashamba na vilima vilivyovuliwa miti kule juu, walikosukumwa wale wa Yoshua 17 wetu. Unaona jinsi jambo linavyozunguka likaturudia.

Na anayelipa tena ni nani? Kamba, kaa na samaki wadogo hulelewa katikati ya mizizi ya mikoko. Mizizi ikiondoka, mvuvi wa mtumbwi, ambaye hana injini ya kufika bahari kuu, anarudi na ndoo tupu. Anayenunua samaki wa jokofu supamaketi hajui hata kama hori lina shida.

Nitataja mahali pamoja palipofanywa tofauti, na si mbali. Gazi, Kwale, tangu 2013 watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wanalinda mikoko yao, hekta 117, kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Hewa chafu inayozuiwa na mikoko hiyo inahesabiwa, inauzwa kama hati za kaboni kwa wanunuzi wa nje, na pesa inarudi kijijini: maji, vitabu vya shule. Mimi sioni kwamba kaboni itaokoa dunia, na bei yake nani anaipanga ni swali langu la siku zote. Lakini tazama kilichobadilika. Mti uliosimama umeanza kumlisha anayeishi karibu nao. Kabla ya hapo ulimlisha ukianguka tu.

Sasa nijibu swali la dada yetu.

Mbele ya baraza la wazee, ambalo litaketi Jumanne, nimesema hivi. Ndugu yetu asimame kwaya kwa muda, kimya kimya, kama tunavyomfanyia yeyote aliye katika kurekebishwa. Hakuna kutangazwa. Faini ikija, zaka isiguswe. Anayetaka kumchangia amchangie kama mtu na ndugu yake, na mimi jina langu limeshaandikwa. Elisha hakumsomesha yule kijana hatari za kuazima. Alimuuliza kilipoangukia, akafanya chuma kikaelea, halafu akamwambia akiokote mwenyewe. Mwenye deni alitolewa kwenye deni, na mkono wake ukahusishwa. Ndugu yetu yuko nje kwa dhamana na ameomba aje Jumamosi. Wengine mmeguna. Lakini ndiye katika sisi sote anayejua mkoko wenyewe unakubali wapi na mchu unakubali wapi, wapi maji ya bamvua yanafika na wapi hayafiki. Miche mingi hufa ufuoni kwa sababu imepandwa na watu wa fulana mahali pasipo pake. Kama hamtaki kuongozwa na yeye, basi pandeni, na baada ya miezi 6 tutahesabu pamoja.

La pili ni mitungi. Ushirika wa kina mama uko tayari kuanza mzunguko wa mitungi ya kilo 6. Kila wiki nyumba mbili zinapewa mtungi na kichwa chake, na wanalipa kwa pesa ile ile ya mkebe, kila siku kidogo kidogo, mpaka uishe, kisha pesa inanunulia wengine wawili. Tunahitaji mtaji wa kuanzia mitungi 20. Nimewaomba wazee tuahirishe spika mpya. Najua vijana wa muziki mmeninunia, nimewaona. Spika zilizopo zinasikika mpaka stejini, na Mungu hajalalamika.

La tatu nilisema nitalirudia. Katika kanisa hili kuna mwenye lori linaloleta magunia usiku. Kuna mwenye ekari nyingi Kinango ambaye amewakodishia wachomaji kipande kisicho na hata nyumba yake moja. Kuna mwenye nyumba anayewakataza wapangaji kutumia umeme kupikia, halafu anasema ua umechafuka kwa masizi. Kuna tunaomlipa msichana wa kazi kiasi ambacho hawezi kununulia kwao gunia moja kwa mkupuo. Fungu lako la kumi limepokelewa na risiti ulipewa. Sijakuita kwa jina wala sitakuita. Zakayo alikuwa na pesa ya watu na Yesu hakumpigia kelele chini ya mkuyu. Alikwenda kwake, akala, na hesabu ikatolewa hapo hapo mezani na mwenyewe.

Nina mambo matatu ya kuzungumza na wewe, yote ya biashara: bei unayomlipa mchomaji kwa gunia, wapangaji wa shamba lako kupewa mkataba wa maandishi unaowaruhusu kupanda miti ya kudumu, na mtaji wa mitungi 20. Ofisi yangu iko wazi Jumatano jioni baada ya maombi. Ukiona haya kupita mlango wa mbele, ule wa jikoni nitauacha bila kufuli, na chai itakuwepo.